Geuza Kola Usome Lebo

Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya wahitimu wa ushonaji na useremala, Temeke, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimejazia miaka ambayo siku ile niliipita haraka.

Mkuu wa chuo, walimu, mwenyekiti wetu wa mtaa, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Leo nimewahi kufika. Nilipoingia getini nilimkuta binti mmoja wa ushonaji anahangaika na joho lake, kola imejikunja kwa nyuma na haioni. Nikamsogelea nimnyooshee. Mkono wa fundi ukishika kola lazima uigeuze, ni mazoea. Nikaigeuza, nikasoma lebo. Joho limetoka nje ya nchi. Nikamwendea wa pili, na wa tatu. Yote ya nje. La yule wa pili mshono wa begani umefumuka, limebanwa kwa pini. Watoto waliokaa hapa miaka miwili wakijifunza kukata pateni na kuunga kola, siku yao kubwa kabisa wamevaa nguo iliyoshonwa na watu wasiowajua, kwenye mji ambao hakuna hapa anayejua jina lake.

Simlaumu mtu. Majoho yamekodiwa, na kila chuo kinakodi. Lakini pale pale nikajua leo nitasema nini, na ile karatasi niliyoandika nyumbani nimeiacha kwenye mkoba.

Ukipanda mwendokasi kutoka Kimara kwenda mjini, ukishapita Shekilango unafika kituo kinachoitwa Urafiki. Mjukuu wangu aliniuliza: bibi, urafiki wa nani na nani? Nikamwambia wa Tanzania na China. Pale kulijengwa kiwanda cha nguo kwa mkopo wa Wachina, kikafunguliwa mwaka 1968, kikaajiri maelfu ya watu. Nikamwambia pia pale Ubungo Maziwa panaitwa hivyo kwa sababu palikuwa na kiwanda cha maziwa, na Kawe kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, ambako watu leo wanakwenda kwenye mikutano ya injili, palikuwa na kiwanda cha nyama ya kopo. Jiji letu lina vituo kadhaa vya namna hii. Konda anaita jina, abiria anashuka, na kiwanda chenyewe hukioni.

Marehemu baba yangu aliingia Urafiki akiwa kijana, akatoka na mvi. Alikuwa upande wa kufuma. Tulikaa Manzese, na akirudi kutoka zamu ya usiku alikuwa na vumbi jeupe la pamba kwenye nyusi na ndani ya masikio. Alizoea kelele za mitambo mpaka nyumbani akawa anaongea kwa sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa ukumbi, mama anamwambia taratibu baba fulani, watoto wamelala. Kiwanda kile kilipokea marobota ya pamba kutoka Usukumani na kikatoa doti ya kanga. Kusokota uzi, kufuma, kupaka rangi, kuchapa maua, vyote ndani ya ukuta mmoja. Kilikuwa hata na bendi yake. Urafiki Jazz ilianzishwa mwaka 1970, kiwanda kikanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki ili jina la vitambaa vyake lisikike ukumbini na redioni. Iringa nako kiwanda cha kukata almasi cha Tancut kilikuwa na Tancut Almasi. Nawaambia haya mjue kwamba kiwanda kilikuwa kitu cha kuimbwa. Baba alikuwa akivaa shati la kitenge cha kwao siku ya Jumapili na kusimama barazani bila kazi yoyote, apite mtu amwone.

Nimekuja na kanga mbili. Hii ya kwanza ni ya mama yangu, ya Urafiki. Naomba mama wa mstari wa mbele uishike, uipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Unaisikia? Ni pamba tupu. Pindo limepauka, jina lake halisomeki tena ila neno la mwisho, lakini uzi haujaachia. Mama alinibeba nayo, akawabeba wadogo zangu wawili, nami nikawabeba wanangu, na mjukuu akilala mchana ndiyo anayofunikwa.

Hii ya pili nimeinunua Kariakoo mwezi uliopita. Maua yake nayafahamu, ni ya kiwanda kimoja cha hapa hapa nchini, yamenakiliwa nje kila ua na kila nukta, yakachapwa kwenye poliesta, yakarudi kuuzwa jirani na ile halisi kwa bei ya chini. Ishike na hii. Inateleza. Mama yeyote aliyebeba mtoto anajua ninachosema: ya pamba inashika mgongo, hii ukitembea hatua ishirini mtoto ameshuka kiunoni. Haifuti maji, haifuti jasho. Ukiisogeza karibu na jiko la mkaa inajikunja na kuyeyuka. Lakini ukiiona imetundikwa dukani, mita tatu kutoka ulipo, huwezi kuitofautisha, na winga, yule dalali aliyekushika mkono, naye hatakuambia.

Ilikuwaje tukafika hapa? Watu wa rika langu wakikaa kijiweni kila mmoja ana mchawi wake. Huyu atasema Azimio la Arusha, kwamba viwanda vilitaifishwa vikakosa mwenyewe. Yule atasema ubinafsishaji, kwamba viliuzwa kwa bei ya kutupa. Mimi niliyaona kwa macho ya mtoto wa mfanyakazi. Baba hakurudi siku moja akasema kiwanda kimefungwa. Alianza kurudi mapema. Leo hakuna umeme. Mwezi mwingine hakuna rangi. Mwezi mwingine mtambo umesimama, kipuri kinasubiri fedha za kigeni.

Mafuta yalipanda bei mwaka 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukapigana mpaka 1979, na mwaka huo huo mafuta yakapanda tena. Nchi ikaishiwa dola. Pamba tulikuwa nayo, lakini rangi, dawa na vipuri vilitoka nje, na pamba bila rangi ni pamba tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vinazalisha chini ya theluthi ya uwezo wake. Nakumbuka foleni za maduka ya RTC, yale ya Serikali. Mama alikuwa anaamka saa kumi za usiku, anakwenda kuweka jiwe lishike nafasi yake, anarudi kutuandaa shule, kisha anakwenda kusimama penye jiwe lake. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, watu wakatupa sabuni na nguo usiku wasikutwe nazo. Bidhaa hazikuongezeka kwa hilo.

Halafu 1984 Serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na maduka yakajaa. Mitumba ikaja. Sitaitukana mitumba mbele yenu, kwa sababu ilitusitiri. Mimi nilikuwa na gauni moja la kutokea, na la pili nililipata kwenye mtumba. Ila kile kiwanda cha baba kilikuwa bado mgonjwa, hakijapata vipuri vyake, na kikatakiwa kushindana siku hiyo hiyo na shati ambalo mtu wa Ulaya ameshalilipia, akalivaa, akalitoa bure. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kushona kwa bei ya kitu kilichotolewa bure.

Miaka ya 1990 vikauzwa. Vingine vilipona, bia na sigara mnaziona. Urafiki wenyewe uliingia ubia na Wachina wakiwa na hisa nyingi kuliko sisi, na baba alistaafu bila kuiona ile zamu tatu aliyoizoea. Vingine viligeuka maghala. Kusini viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vilifungwa, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi, inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Pamba hali kadhalika, nyingi inaondoka ikiwa nyuzi mbichi.

Sasa nifike kwenye neno langu. Nimesikia hotuba nyingi za kupenda vya kwetu, na mimi mwenyewe nimezipigia makofi. Lakini nimeshona sare za shule kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, hapa Temeke wananiita Mama Sare, na nimejifunza kwamba karakana haifi kwa kukosa kupendwa. Baba aliipenda Urafiki mpaka siku ya mwisho. Karakana inaishi kwa oda. Oda ya leo, na uhakika kwamba mwezi ujao au muhula ujao itakuja nyingine. Ukiwa na uhakika huo unanunua jora zima badala ya mita ishirini, unamwajiri fundi kwa mwezi badala ya kumlipa kwa kipande, unanunua overloki mpya, na bei yako inashuka yenyewe. Ukiikosa, hata ukipewa mtaji unaula.

Wazee wanakumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia mwishoni mwa miaka ya 1970, mitambo mipya, uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka, na mpango ulikuwa kuuza sehemu kubwa Ulaya. Kuta ziliwekwa za alumini, ndani joto kama tanuri, mitambo inaharibika. Lakini kubwa kuliko joto ni kwamba hakukuwa na Mzungu aliyekuwa anasubiri jozi hizo. Hakikufika hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Kilikuwa na kila kitu isipokuwa mnunuzi.

Sasa angalieni vilivyobaki hai. Unga wa ngano. Soda. Sabuni. Mabati. Saruji ya Wazo, iliyoanza kuzalishwa mwaka 1966, mpaka leo malori yanapanga foleni pale. Kuna mtu hapa aliyewahi kusimama dukani kwa Mangi akajishauri anunue unga wa nchini kwa uzalendo? Hakuna. Unakwenda, upo, ni ule ule wa jana, chapati hazikukuangusha, unarudi nyumbani. (Ngano yenyewe nyingi tunaiagiza nje, na hilo nalo linaniuma, lakini ni hotuba nyingine.) Duka linaagiza kila siku, kwa hiyo kinu kinasaga kila siku.

Na kwamba mikono tunayo, nimeshaona mara mbili. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotaka watoto wasikae chini, Bunge lilibana matumizi likatoa shilingi bilioni 6 za madawati, na mikoa yote ikaingia kwenye kampeni. Waulizeni mafundi wa kuchomelea na maseremala wa mwaka ule. Kuna kijana Vingunguti aliyekuwa na mashine moja ya kuchomelea na mwavuli, akapata dawati mia mbili, leo ana karakana yenye paa. Mara ya pili ni 2020. Korona ilipoingia, barakoa za kununua zilipotea kwa siku chache. Nani aliyeziba pengo? Mafundi cherehani wa barazani. Mimi nilisimamisha sare, shule zilikuwa zimefungwa, nikawaita mafundi wanane tukashona barakoa za kitenge usiku na mchana. Hakuna aliyetufundisha kwenye semina. Oda ilikuja, mikono ikafuata.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwaonyesha upande mmoja. Nawaambieni wanangu jambo lililoniuma mimi mwenyewe, na kosa lilikuwa langu.

Shule moja binafsi ilinipa oda ya mashati 600. Kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Kitambaa cha tetroni nyeupe, mkono mfupi, nembo mfukoni. Nikapewa kianzio, nikanunua majora, nikakata. Mia nne za kwanza zilitoka safi. Kitambaa kikaisha. Nikarudi kwa muuzaji, akanipa jora lingine, nikaliangalia chini ya taa ya duka lake, nikaona jeupe. Kumbe nyeupe ziko nyingi. Siku ya gwaride watoto walisimama juani, mia nne wana weupe wa maziwa na mia mbili wana weupe wa buluu, kama shule mbili zimechanganywa. Mkuu wa shule hakunigombeza. Alinipigia simu akaniambia, mama, mwakani tutaangalia utaratibu mwingine. Utaratibu mwingine ulikuwa kontena. Yale mashati ya kontena hayakuwa mazuri kuliko yangu, vifungo vyake vilikuwa vinadondoka kufikia likizo ya kwanza. Ila yote yalikuwa na weupe mmoja.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila oda nabandika kipande cha kitambaa cha kwanza, na jora jipya likija naliweka juu yake, mlangoni, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Na maseremala, msicheke, zamu yenu hii. Nendeni Keko mkaangalie kabati la mninga. Mbao ile ukilinganisha na yale makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi yanayoshuka bandarini, hakuna ulinganisho. Lile la gundi likimwagikiwa ndoo ya maji linavimba kama mandazi. Lakini mteja anakwenda kununua lile la gundi, kwa nini? Kwa sababu fundi wetu alimuuzia mbao mbichi, na masika ilipofika droo ikagoma. Akaivuta mpaka mkono ukatoka. Mteja huyo ana ndugu saba, na wote amewasimulia. Mbao ikaushwe. Kama haijakauka mwambie mteja asubiri, na kama hataki kusubiri mwache aende, atarudi.

Nimesema kosa langu. Niseme na la upande wa pili. Taasisi moja kubwa iliniagiza mashuka na mapazia. Nilishona, nikapeleka, nikapewa hati ya kupokelewa mzigo, nikatoa risiti ya EFD, maana yake kodi inanidai tangu siku hiyo. Malipo yalikuja mwezi wa saba baada ya hapo. Kwa miezi sita nilikuwa nakwenda kukaa kwenye benchi la mhasibu na ankara yangu kwenye bahasha. Niliuza cherehani mbili ili nilipe mafundi. Yule anayeleta kontena hakai kwenye benchi hilo, yeye analipwa kabla mzigo haujashuka melini. Wanaponiambia bidhaa za ndani ni ghali, nakumbuka benchi lile. Riba ya mkopo niliouchukua nikisubiri imeingia kwenye bei ya shati la mteja anayefuata.

Hesabu yenyewe ya shati nawaambia wazi. Langu nauza shilingi 9,500, la kontena wanauza 7,000. Tofauti ni 2,500. Katika 9,500 yangu, kitambaa kinakula karibu nusu, na tetroni yangu nami inatoka nje, silifichi hilo. Kinachobaki kinakwenda kwa anayekata, anayeshona, anayetia vifungo na matundu, anayepiga pasi, umeme, kodi ya pango, na mama ntilie anayetuletea chai na maandazi saa nne. Wote hao wanakaa Temeke na Mbagala. Watoto wao wanasoma shule zile zile zinazoagiza kontena.

Serikali nayo ina sehemu yake na sitaisemea yote. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zilizokamilika, zikiwemo nguo na fanicha. Ni jambo jema. Lakini mzigo ukiandikwa thamani ya uongo pale bandarini, au ukipita njia za panya, ile 35 inabaki kwenye karatasi. Na mnakumbuka mwaka 2016 wakuu wa nchi zetu walipoamua kuondoa mitumba polepole. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, tukaonyeshwa kwamba tutapoteza nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Nchi nyingine zikarudi nyuma, na sisi tukiwemo. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Nasema hili ili msidhani ni jambo la kutoa tamko asubuhi likaisha jioni.

Ila kuna oda ambazo hazimngoji rais wala waziri. Ziko humu ukumbini.

Kamati ya harusi. Hapa Dar hakuna harusi bila sare. Mashangazi wana kitenge chao, upande wa bwana wana chao, marafiki wa ofisini wana chao. Harusi moja inaweza kula mita mia tatu za kitambaa. Nani anaamua? Mama mmoja mwenye simu, anayetuma picha kwenye kundi la WhatsApp na kusema wapendwa, sare ni hii. Mama huyo ni mnunuzi mkubwa kuliko duka. Kuna viwanda hapa Dar vinachapa vitenge na kanga za pamba. Mama, kabla ya kutuma picha, ulizia kwanza huko.

Mei Mosi. Siku ya wafanyakazi tunaandamana kwa fulana na kofia zenye maneno ya kudai ajira na mishahara bora. Mwaka juzi nilisimama pembeni ya barabara na wenzangu watatu wa chama, nikawaomba wageuze kola. Fulana zote tatu zilishonwa nje. Niliumia sana. Mfanyakazi anadai kazi akiwa amevaa kazi aliyonyimwa. Machi 8 ni hivyo hivyo, kinamama tunapendeza kwa kitambaa ambacho hakuna mwanamke wa hapa aliyekigusa ila kukivaa.

VICOBA zetu. Vikundi vina hisa, vina mgao wa Desemba, na Desemba ikifika tunakwenda kununua vyombo na mapazia kwa pamoja Kariakoo. Kwa pamoja. Hiyo tayari ni oda, hatujaiita tu kwa jina lake.

Na kamati za shule. Wazazi wenzangu mlioko kwenye kamati, nawasihi mambo mawili. Toeni oda Septemba, si wiki ya kwanza ya Januari. Ukinipa mashati mia tatu Januari tarehe 3, siwezi, na anayeweza ni mwenye godauni lililojaa mzigo wa nje. Ukinipa Septemba, nakuletea Desemba na nakushushia bei. La pili, lipeni kwa wakati. Basi.

Neno dogo kwa wanaonunua mmoja mmoja. Kuna ujumbe unazunguka kwamba bidhaa ya Tanzania ni ile yenye msimbo unaoanza na 620. Ni kweli 620 ni namba yetu, lakini inaonyesha mahali kampuni iliposajili msimbo wake. Haithibitishi kitu kimetengenezewa wapi. Tafuteni maneno yenyewe, kimetengenezwa wapi na nani. Na alama ya TBS inakuambia kimepimwa ubora. Ni maswali mawili tofauti, ulizeni yote.

Wanangu wahitimu, najua wengine mmeshaanza kuwaza kwenda kuuza nguo soko la Karume badala ya kushona, kwa sababu anayeuza anapata hela jioni na anayeshona anasubiri. Siwezi kuwaambia mmekosea, njaa haina hotuba. Nawaomba tu msiuze cherehani mliyopewa na wazazi. Mwaka 2020 mafundi waliokuwa wameziuza waliiona oda ya barakoa ikipita mlangoni kwao.

Namalizia na jambo la majoho, maana limenikaa kooni tangu asubuhi. Mkuu wa chuo, nimekuuliza pale nje, umeniambia wahitimu wa leo ni 118 na kila joho limekodiwa. Fedha hiyo inaondoka kila mwaka na majoho yanarudi kwa mwenyewe. Joho si nguo ngumu. Halina kiuno, halina mfuko, kazi iko kwenye bega na kwenye marinda ya mgongoni, na nimewaona hawa watoto kwenye mtihani wakiunga kola ngumu kuliko ile. Naomba chuo kitoe oda hiyo kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, 120 kwa mwakani, zibaki kuwa mali ya chuo, na vyuo jirani vikodi kwenu. Kabati la kuyatunzia watengeneze maseremala, kwa mbao kavu.

Kitambaa cha joho la kwanza natoa mimi, mita nne nyeusi na moja ya ukosi. Nitakileta Jumatatu saa tatu asubuhi. Binti yule wa pini begani, nimekuona umekaa safu ya tatu. Wewe ndiye tutakayeanza kukupima.